Jinsi ya kuchagua programu ya kuhariri sauti kwa aplikesheni, gemu na mifumo ya simu

Maswali ni yale yale kila wiki. Nitumie Audacity au Adobe Audition? Kwa nini sauti inacheza kwenye laptopu lakini kwenye simu ya mteja kimya? Nina maneno 300 ya kukata, nikate moja moja?

Mwongozo huu ni wa msanidi anayeweka sauti ndani ya aplikesheni, gemu, tovuti au ule mfumo wa "kwa Kiswahili bonyeza moja". Mwanamuziki ana haja zake: wimbo mmoja wenye tabaka arobaini. Wewe una faili ndogo ndogo mia kadhaa, na siku mteja akisema msomaji abadilishwe, utazitengeneza zote upya. Kwa hiyo ipime programu kwa kazi ya mara ya pili. Ya kwanza karibu programu zote zinaiweza.

Mfano tutakaokwenda nao ni aplikesheni ya kufundishia watoto kusoma, yenye maneno 300 ya Kiswahili, kila neno na sauti yake.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Laptopu ya RAM GB 4 au zaidi. Inatosha kwa Audacity, Ocenaudio, REAPER na FFmpeg.
- Nafasi ya diski GB 5. Audacity huhifadhi sauti kwa biti 32, kwa hiyo dakika moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) inachukua karibu MB 10.6, na saa moja karibu MB 635. Kila badiliko unaloweza kulitengua nalo linakaa ndani ya faili la mradi, ndiyo maana mradi hunenepa haraka.
- Hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na utakata mahali pasipo.
- Rekodi ghafi za WAV, yaani faili za sauti ambayo haijabanwa. Usipokee sauti kama voice note ya WhatsApp, maana imeshabanwa na kilichopotea hakirudi. Mwambie msomaji aitume kama dokumenti.
- Simu moja ya Android ya bei ya chini, kwa majaribio.
- Lahajedwali, ya Excel, LibreOffice au ya mtandaoni.

Hatua ya 1. Orodhesha faili kabla ya kutaja programu yoyote

Fungua lahajedwali uweke safu nne: namba, jina la faili, maneno yanayosemwa, na mahali sauti itakapochezwa. Jaza mistari yote 300. Ni kazi ya saa moja au mbili, na ndiyo itakayoamua mengine yote.

Kuwa makini na majina. Folda ya res/raw ya Android inakubali herufi ndogo, tarakimu na mstari wa chini tu. Faili likiitwa Paka-1.wav, mradi hautajengeka. Kiswahili kina mtego wake hapa: ng'ombe, ng'oa na ng'aa zina kialama cha ritifaa (') ambacho Android inakikataa, na ambacho kinavuruga skripti zisizoweka jina ndani ya alama za kunukuu. Ukikiondoa tu, ng'oa inagongana na ngoa. Tumia namba: neno_0001, neno_0002, hadi neno_0300. Neno lenyewe libaki kwenye lahajedwali, ambako ng' haimsumbui mtu.

Hatua ya 2. Jua jukwaa lako linataka nini

- Android: Ogg Vorbis, aina ya sauti iliyobanwa, inakubalika kote. Opus, aina nyingine ya kubana, inachezwa kuanzia Android 5.0.
- Tovuti: andaa MP3 au M4A hata kama Ogg unaipenda, kwa sababu Safari za iPhone za zamani hazichezi Ogg.
- Unity (injini ya kutengenezea gemu): mpe WAV. Huibana mwenyewe wakati wa kujenga gemu, na ukimpa MP3 sauti itabanwa mara mbili.
- Godot (injini nyingine ya gemu): WAV kwa milio mifupi, Ogg kwa muziki.
- Mfumo wa simu wa Asterisk: WAV ya mono, biti 16, sampuli 8,000 kwa sekunde.
- Video: sampuli 48,000 kwa sekunde. Kwingine 44,100 inatosha.

Kwa sauti ya mtu anayeongea, tumia mono. Sterio inaongeza uzito na msikilizaji hapati chochote.

Fanya hesabu ya uzito mapema. Maneno 300 ya sekunde 1.2 kila moja ni dakika 6. Kwa WAV ya mono, biti 16, hiyo ni karibu MB 32. Kwa Ogg ya kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu MB 2.9. Anayepakua kwa bando la siku ataiona tofauti hiyo kabla hajaliona jina la aplikesheni yako.

Hatua ya 3. Linganisha kazi na programu

Audacity ndiyo ya kuanzia kwa wengi. Ni ya bure, ni programu huria, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inachowafaa wasanidi ni lebo: unaweka alama kwenye rekodi moja ndefu, kisha inatoa mamia ya faili kwa mkupuo, kila moja na jina lake. Tangu toleo la 3.2 unaweza pia kuweka efekti zinazosikika papo hapo bila kubadilisha rekodi yenyewe. Kuhusu wasiwasi wa mwaka 2021 kwamba inakusanya taarifa za watumiaji: pendekezo lile liliondolewa. Ukaguzi wa matoleo mapya unaweza kuuzima kwenye mipangilio.

Ocenaudio nayo ni ya bure, na ni nyepesi kuizoea. Ichukue kama kazi yako ni kufungua faili, kupunguza kimya mwanzoni, kuhifadhi na kufunga. Haina tabaka nyingi, kwa hiyo sauti juu ya muziki itakushinda kuitengeneza humo.

REAPER ndiyo ninayoipendekeza mradi unapokua: gemu yenye milio 500, kila mlio na namna tatu, na mabadiliko kila wiki. Unagawa mradi kwa maeneo, unaandika $region kwenye jina la faili la kutolea, na vyote vinatoka kwa mpigo. Inakubali skripti za Lua na Python, jambo ambalo msanidi atalifurahia. Unaijaribu kikamilifu kwa siku 60. Baada ya hapo leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara isiyozidi mapato ya dola 20,000 kwa mwaka, na dola 225 kwa biashara kubwa zaidi. Ubaya wake ni menyu nyingi, kwa hiyo mgeni tenga siku mbili za kuzoea.

Adobe Audition ni nzuri kwa kusafisha kelele, lakini inalipiwa kila mwezi. Kama mwajiri wako tayari analipia, itumie. Kulipia mwenyewe kwa ajili ya maneno 300 ni hasara.

GarageBand ni ya Mac na ya muziki. Kutoa faili 300 kwa GarageBand ni mateso.

FFmpeg haina dirisha wala vitufe, inaendeshwa kwa amri. Haishindani na hizo nyingine. Utaihitaji hata uchague ipi.

Kwa mfano wetu jibu ni Audacity na FFmpeg.

Hatua ya 4. Pakua mahali sahihi, soma leseni

Pakua Audacity kwenye audacityteam.org, na FFmpeg anzia ffmpeg.org. Usitafute kwa jina tu na kubonyeza tangazo la kwanza.

Programu iliyovunjwa ulinzi usiiweke kabisa kwenye kompyuta ya kazi. Laptopu hiyo ndiyo yenye ufunguo wa kusainia aplikesheni yako, nywila za seva na msimbo wa programu za wateja. Ukiibiwa ufunguo, mtu anaweza kusaini aplikesheni kwa jina lako.

Kagua pia leseni za milio unayookota mtandaoni. Nyingi ni za Creative Commons, na hufupishwa kwa herufi. CC0 unaitumia utakavyo. CC BY inataka umtaje mwenye sauti, kwa hiyo weka ukurasa wa shukrani ndani ya aplikesheni. Yenye NC (si ya biashara) usiiweke kwenye kitu cha kulipiwa au chenye matangazo. Andika leseni ya kila mlio kwenye lahajedwali siku ile ile unapoupakua. Miezi sita baadaye hutakumbuka ulikotoka.

Hatua ya 5. Ipe programu mtihani wa faili kumi

Usiamini orodha ya sifa, hata hii yangu. Chukua rekodi yenye maneno kumi ufanye hivi:

1. Kata maneno yote kumi na uyatoe kama faili. Angalia saa.
2. Ongeza sauti ya rekodi nzima kwa dB 3 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), kisha toa tena zote kumi. Ukilazimika kugusa faili moja moja, programu hiyo haikufai.
3. Angalia majina. Yametoka yenyewe au umeyachapa?
4. Izime kwa nguvu katikati ya kazi, halafu ifungue tena. Umeme ukikatika na betri ni ya wasiwasi, hiki ndicho kitakachotokea. Audacity itakuuliza kama irejeshe mradi. Programu isiyorejesha iache.

Hatua ya pili ya mtihani ndiyo nzito kuliko zote. Kama dakika ulizotumia mara ya pili zinakaribia za mara ya kwanza, zizidishe kwa thelathini uone kama bado unaitaka.

Hatua ya 6. Kata maneno 300 bila kukata moja moja

Huu ndio utaratibu wa Audacity. Ufuate kwa mpangilio wake, kwa maana ukibadilisha zamu matokeo yanaharibika.

a) Msomaji asome orodha yote kwa mfululizo, akipumzika sekunde mbili baada ya kila neno. Akikosea, anyamaze, kisha arudie neno zima. Zima pangaboi na friji. Kilele cha sauti kiwe kati ya dB -12 na -6.

b) Punguza kelele. Chagua sekunde moja au mbili za kimya cha chumba, fungua "Noise Reduction", bonyeza "Get Noise Profile". Kisha chagua rekodi yote na uitumie kwa dB 6 hadi 12. Ukizidisha, s, f na sh zinaliwa, na sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa la maji.

c) Sawazisha ukubwa wa sauti kwa "Loudness Normalization" hadi -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), tiki ya "Treat mono as dual-mono" ikiwa imewekwa. Kisha tumia "Limiter" kwa dB -1 ili vilele visipasuke.

Wengi hufanya c) baada ya kukata, na ndilo kosa linaloleta maneno yanayopanda na kushuka. Kipimo cha LUFS hupima vipande vya milisekunde 400. Neno kama "ua" linaweza kuwa fupi kuliko kipande kimoja, kwa hiyo kipimo hakina cha kushika. Rekodi nzima ina sauti ya kutosha kupimika.

d) Acha programu iweke lebo yenyewe. Kwenye menyu ya "Analyze" chagua "Label Sounds". Kizingiti, yaani kiwango ambacho chini yake programu huhesabu kuwa ni kimya, weka dB -40, kimya cha chini sekunde 0.6, nafasi ya mbele 0.1 na ya nyuma 0.2.

Kizingiti cha kawaida ni dB -30, nacho kinakata vibaya maneno ya Kiswahili. Chukua "fisi": f ni pumzi tu, iko chini ya -30, kwa hiyo programu inaamini neno limeanzia kwenye i. Mtoto atasikia "isi". "Shoka" na "saa" zina hatari hiyo hiyo. Mwishoni, irabu ya silabi isiyo na mkazo, kama i ya "kiti", hufifia. Ile 0.2 ya nyuma ndiyo inayoilinda.

e) Hesabu lebo. Ziwe 300 kamili. Zikiwa 303, kuna kikohozi, neno lililorudiwa au mlango uliofungwa. Sikiliza, futa. Usiende mbele hadi hesabu ikubaliane.

f) Toa lebo kama faili la maandishi. Kila mstari una mwanzo, mwisho na jina, vikitenganishwa na tabu:

    12.480000	13.215000	neno_0007

Lifungue kwenye lahajedwali, bandika safu yako ya majina kwenye safu ya tatu, hifadhi kama maandishi ya tabu. Rudi Audacity, futa tabaka la lebo za zamani, ingiza hizi mpya. Majina 300 yameingia na hukuchapa hata moja.

g) Fungua "Export Audio", chagua "Multiple Files", gawa kwa lebo, majina yatokane na lebo. Umbizo liwe WAV, biti 16, mono, 44,100. Ziweke kwenye folda iitwayo ghafi.

Hatua ya 7. Acha FFmpeg imalizie

Kuigeuza WAV kuwa Ogg usiifanye ndani ya kihariri. Ifanye kwa skripti iliyo kwenye mradi wako, ili mwenzako naye apate matokeo yale yale. Kwenye Linux na Mac:

    mkdir -p tayari
    for f in ghafi/*.wav; do
      ffmpeg -y -i "$f" -ar 44100 -ac 1 -c:a libvorbis -q:a 3 "tayari/$(basename "$f" .wav).ogg"
    done

Kwenye Windows, tengeneza folda ya tayari, kisha weka mstari huu ndani ya faili la .bat:

    for %%f in (ghafi\*.wav) do ffmpeg -y -i "%%f" -ar 44100 -ac 1 -c:a libvorbis -q:a 3 "tayari\%%~nf.ogg"

Alama ya -y inaandika juu ya faili la zamani bila kuuliza. Ndiyo maana ghafi na tayari ni folda mbili. Usiziunganishe.

Kwa mfumo wa simu:

    ffmpeg -i karibu.wav -ar 8000 -ac 1 -c:a pcm_s16le karibu_simu.wav

Simu ya kawaida haipitishi sauti nyembamba za juu, na kwayo s na f zinakaribiana sana. Piga mwenyewe usikilize kabla ya kukabidhi. Neno lisiposikika vizuri, badilisha maneno ya ujumbe.

Tahadhari moja kuhusu kichujio cha loudnorm cha FFmpeg: kikitumika kwa mkupuo mmoja hupandisha sampuli hadi 192,000 kwa sekunde. Usiposema -ar mwishoni, utapata WAV kubwa mara nne na hutajua zimetoka wapi.

Hatua ya 8. Sikiliza kwenye simu ya bei ya chini

Sio hedifoni, wala spika za mezani. Spika ndogo ya simu haina besi, kwa hiyo mlio mzito uliousifia kwenye laptopu unaweza usisikike kabisa. Jaribu maneno ishirini, ukichukua machache mwanzo, katikati na mwisho wa orodha. Majina yakiwa yamesogea kwa mstari mmoja, katikati ndipo utakapogundua.

Mambo yakienda mrama

*Kuna mlio wa "tik" mwanzoni au mwishoni mwa neno.* Umekata wimbi likiwa juu. Chagua kipande, bonyeza Z ili Audacity isogeze mpaka kwenye sifuri, au weka ufifishaji wa milisekunde 5 hadi 10 kila upande.

*Muziki wa kujirudia una pengo.* Ni MP3. Huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni wakati wa kubana. Tumia Ogg au WAV kwa kila kinachojirudia.

*Sauti haichezi kwenye tovuti hadi mtumiaji abonyeze kitu.* Faili lako halina kosa. Chrome ilianza kuzuia sauti zinazojianzia mwaka 2018, na vivinjari vingine vina sheria kama hiyo. Weka kitufe cha "Anza" na uamshe AudioContext (sehemu ya kivinjari inayoendesha sauti) hapo.

*Audacity inasema haiwezi kutoa M4A.* Inahitaji maktaba ya FFmpeg. MP3 haihitaji kitu cha ziada tangu toleo la 2.3.2, kwa hiyo mafunzo yanayokutuma kupakua LAME (maktaba ya kutengenezea MP3) yamepitwa na wakati.

*Mradi wa zamani haufunguki.* Kabla ya toleo la 3.0 mradi ulikuwa faili la .aup pamoja na folda yake ya _data. Aliyekutumia .aup peke yake amekutumia ramani bila sauti. Omba folda. Miradi ya .aup3 ni faili moja, lakini uinakili kwenye diski ya laptopu kwanza. Usiifanyie kazi ikiwa kwenye flashi.

*"Label Sounds" imetoa lebo moja ndefu kwa rekodi yote.* Kelele za chumba ziko juu ya kizingiti. Pandisha kizingiti kwa dB 2 kila jaribio, kutoka -40 kwenda -38, -36. Ukifika -30 na bado haikati, tatizo ni rekodi.

*Msomaji anasikika kama yuko bafuni.* Mwangwi wa chumba hauondoki kwa programu yoyote niliyoitaja, hata ya kulipia. Rekodi upya katika chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, maiki ikiwa upana wa kiganja kutoka mdomoni na kidogo pembeni, ili p na b zisipige kishindo. Mvua ikinyesha juu ya bati, subiri ikatike.